Dola Ambazo Hatukuzirudisha

Mambo haya nimeanza kuyaandika mara nyingi na kuyaacha. Sikusoma sana. Niliishia mwaka wa pili wa sekondari kule Masisi, na kila nikianza sentensi ndefu naogopa itanishinda katikati ya njia. Lakini wamama wa kikundi wamenisukuma. Wanasema, telefone ilikuwa mkononi mwa nani siku ile? Ilikuwa mkononi mwangu.

Kikundi chetu ni cha wamama wanaokamua mawese hapa Ntoto. Waume zetu wanakata mikungu ya ngazi, matunda ya mchikichi, sisi tunachemsha matunda katika pipa, tunayamwaga ndani ya gogo kubwa lililochimbwa, halafu tunayakanyaga kwa miguu yakiwa bado na moto. Mimi nilikulia milimani, kwenye maharagi na viazi, sikuijua kazi hii mpaka nilipoolewa huku msituni. Msimu wangu wa kwanza nyayo zilitoka ngozi, na wenzangu walicheka wakasema mutu wa milima amemenyeka kama kiazi chake.

Prezida wetu amekanyaga kuliko sisi wote. Ni mjane. Watoto wake wote amewalea kwa gogo lile, na sasa magoti yake hayakunjiki tena. Akikaa chini, lazima watu wawili wamwinue. Kwa hiyo tulikuwa tunaweka feza kwa ajili ya mashine, ile ya chuma yenye skrubu kubwa na mkono wa kuzungusha, ambayo fundi mmoja wa Walikale anaitengeneza. Yeye hakusema hata siku moja kwamba mashine ni kwa ajili ya magoti yake. Hakuna aliyesema. Lakini sote tulijua kwamba msimu mwingine mmoja wa kukanyaga ungemtoa kazini, na mjane asiye na mawese hapa kwetu hana kitu kingine cha kushika.

Feza hizo zilikuwa ndani ya telefone. Hapa nieleze polepole, kwa sababu hata mimi nilichukua muda kuelewa. Mfanyabiashara anayenunua mafuta yetu anayapeleka Bukavu. Zamani alitulipa noti mkononi, na noti zilikuwa na miguu: kizuizi hiki cha barabarani kinachukua kidogo, kizuizi kile kinachukua kidogo, na usiku unalala ukisikiliza kila mbwa. Banki za mjini nazo zilipofungwa, mdogo wangu wa kiume, ambaye anafanya kazi Kampala, akatuambia, "Wekeni mu dola ya mtandao." Akatufungulia pochi ndani ya telefone ya kikundi. Si pochi ya ngozi. Ni programu tu, yenye anwani ndefu ya herufi na namba, na mfanyabiashara akituma dola kwenye anwani ile tunaziona zimeingia. Pochi ina maneno ya siri kumi na mawili, ya Kifaransa. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye feza, hata telefone ikianguka mtoni. Hatukuyaandika popote. Tuliyagawa kwa wamama watatu, kila mmoja akakariri yake kama anavyokariri wimbo wa kwaya. Mmoja wao hajui Kifaransa, na mpaka leo anaamini neno lake la pili ni jina la mtakatifu.

Basi siku moja ya mvua ndogo nilipanda mahali pa rezo, pale simu inaposhika mtandao, kwenye mteremko juu ya shule, kuangalia kama mfanyabiashara ametuma. Nilikuwa na mke wa mwindaji, mama kijana mwenye ulimi mkali, ambaye ndiye rafiki yangu wa kwanza niliyempata huku. Nilifungua pochi nikanyamaza.

"Mbona unanyamaza? Yule papa hakutuma?"

"Ametuma."

"Sasa? Unakunja uso kama muntu amekula ndimu."

"Kuna ingine."

"Ingine ya nani?"

"Sijui."

Chini ya dola zetu kulikuwa na mstari mwingine. Ulikuwa na picha ya duara ya rangi nzuri, na alama ya dola ndani yake, na jina ambalo mwisho wake ulikuwa anwani ya ukurasa wa mtandao. Mdogo wangu anaita vitu hivyo tokeni, ni kama sarafu, kila mtu anaweza kutengeneza ya kwake. Lakini siku ile neno hilo sikulijua. Nilichoona ni thamani iliyoandikwa pembeni. Ilizidi feza zetu zote za misimu yote, ilizidi mbali sana.

Mke wa mwindaji alichukua telefone, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Hii iko mashine mbili," alisema. "Ao tatu."

Tulishuka. Naona aibu kidogo kuandika kwamba njiani nilikuwa tayari nimeshajenga hangari ya mabati kwa feza zile.

Jioni wamama walikusanyika penye pipa. Nilizungusha telefone kila mmoja aone, na kelele ikaanza.

"Mungu amesikia," alisema mama mmoja ambaye mabati yake yanavuja. "Mubadilishe hiyo, tununue mashine kesho."

"Mungu hana telefone," mke wa mwindaji akamjibu.

"Wewe unajua namba ya Mungu?"

Prezida alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu ameinyoosha mbele. Alingoja wamalize kucheka.

"Ile kitu iko ya nani?" aliuliza.

"Hatujui, Mama."

"Haiko yetu?"

"Haiko yetu."

"Basi iko ya muntu. Muntu amekosa namba. Sasa hivi iko pahali fulani analia."

Na hapo wote tulikumbuka. Kiangazi kilichopita mtu mmoja wa Itebero alikosea namba moja akatuma franga kwenye telefone yetu, kwa ile njia ya kawaida ya kutumiana feza kwa simu. Alipiga akilia, zilikuwa za dawa ya mtoto. Tulimrudishia saa ileile. Habari hiyo ilifika mpaka Walikale, na tangu siku ile wachuuzi sokoni wanatukopesha bila maneno mengi, kwa sababu sisi ni wale wamama waliorudisha. Kurudisha ndiyo heshima yetu. Sidhani kuna kitu tunachojivunia kuliko hicho, na bado najivunia, hata baada ya yaliyofuata.

"Tunarudisha," prezida alisema. "Mbele Jumapili ifike, Siku ya Mungu. Mimi siwezi kupokea mwili wa Bwana na feza ya muntu iko mu telefone."

Yule mama wa mabati alinung'unika lakini alikubali. Nataka niwe wa haki kwake. Watu walimcheka baadaye kwamba alikuwa na tamaa, lakini alisema kwa sauti kitu ambacho wengi wetu tulikuwa nacho tumboni, mimi mmojawapo, na alipoambiwa hapana hakubisha tena.

Kesho yake nilipanda tena mahali pa rezo, peke yangu. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa naenda kufanya jambo safi. Nilifungua ule ukurasa ulioandikwa kwenye jina la tokeni, ukafunguka kwa Kifaransa kizuri, na katikati kulikuwa na maneno makubwa: kuchukua, kubadilisha, na chini yake, umepokea kwa makosa? rudisha hapa. Moyo wangu ulitulia. Kumbe mwenyewe amejua kwamba amekosea, amefungua mlango wa kurudishiwa! Nikabonyeza pa kurudisha.

Ukurasa ukaniomba niunganishe pochi. Nikaunganisha. Halafu pochi yenyewe, si ule ukurasa, ikatoa kikaratasi chake kwenye kioo, na chini vifungo viwili, kukubali na kukataa.

Mimi nasoma Kifaransa polepole. Shuleni walinicheka kwa hilo. Naweka kidole chini ya neno, nalisema kwa midomo, ndipo naenda kwa lingine. Kwa hiyo nilikisoma kikaratasi kile kama ninavyosoma vyote. Kuruhusu. Ukurasa huu. Kutumia. Hapo nikatafuta ni kutumia nini, nikitegemea kuona jina la ile tokeni ya mgeni. Haikuwa hiyo. Ilikuwa ni dola zetu. Na pa kiasi, pameandikwa: bila limite.

Mtu wa Masisi hahitaji kutafsiriwa neno limite. Kwetu ni neno la mashamba, ni mpaka. Mtu akivusha mguu mmoja juu ya limite, watu wanafikishana kwa chefu wa kijiji. Babangu alipanda miti ya matumbwe kwenye limite yake na kila asubuhi alipita kuitazama kama anavyotazama ng'ombe. Shamba bila limite si shamba lako, ni la yule mwenye nguvu.

Nilibaki na kidole hewani. Nilijiuliza kwa sauti, maana hapakuwa na mtu: mimi nimeleta kuku wa muntu, nasema shika kuku wako, na yeye anajibu, nifungulie banda lako lote?

Nikabonyeza kukataa.

Kile kikaratasi kikarudi. Nikakataa tena. Kikarudi. Nikazima telefone kabisa, nikaibana kwapani kama kitu kinachoweza kuruka.

Sitasema kwamba niliijua hila. Sikujua. Nilikaa kwenye jiwe na kujilaumu. Labda ndivyo wanavyofanya watu waliosoma, labda nimekosa kuelewa, labda kuna mtu analia kweli na mimi nimemkatalia kwa ujinga wangu wa Kifaransa. Baadaye niliwasha, nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti, nikamweleza yote, na nikangoja mvuani mpaka nguo zikalowa.

Jibu lilikuja na kelele za barabara ya Kampala ndani yake.

"Dada! Dada, sikiliza. Ulikubali ao ulikataa?"

Ujumbe wa pili ulikuwa umefuata papo hapo, kwa kuwa hakungoja: "Kama ulikubali sema haraka, tukimbie kuhamisha dola mbele mwizi azichukue."

Nikamwambia nilikataa, na kwamba kilirudi, na nikakataa. Ndipo nikamsikia akipumua, halafu akacheka kile kicheko chake cha utotoni.

"Njo vizuri ulikataa, dada. Sasa sikia. Anwani yetu iko wazi, kila muntu anaweza kuiona, na kila muntu anaweza kutupa kitu pale, kama vile muntu anapita anatupa kitu mu kiwanja yako. Kutupa haiko kuingia. Hajaingia. Haoni maneno ya siri. Ile kitu haina bei, ile bei ameiandika mwenyewe. Anangoja tu umufuate kwake. Ukitaka kuuza, unaenda kwake. Ukitaka kurudisha, unaenda kwake. Basi usiende. Usiuze, usirudishe, usitume hata kidogo, usifungue ule ukurasa tena. Nenda pa miunganisho, uondoe jina lake. Ile tokeni uifiche. Kuna pahali pa kuficha. Haitafutika, lakini haitakusumbua."

Kisha akaongeza: "Na muntu akikuandikia eti anataka kukusaidia na hiyo mambo, akiuliza maneno ya siri, hata akisema ni mimi, mutukane."

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi nikiwa nashuka. Jambo moja lilinikaa: kwamba yule aliyetupa tokeni alijenga mlango mmoja kwa watu wote. Mwenye tamaa angepita hapo akienda kubadilisha. Mwenye haki angepita hapohapo akienda kurudisha. Sisi tungeingia kwa mlango wa haki, tukiimba, na tungetoka bila mashine.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaambia wenzangu. Jana nilikuwa nimekubali turudishe, leo nasema tusirudishe, na telefone ninayo mimi, na mimi ni mtu wa kuja. Nilieleza penye pipa kadiri nilivyoweza. Nilisema kuhusu kiwanja na kutupa. Nilisema kuhusu limite. Macho ya wengine yalibaki chini.

"Kwa hiyo," alisema mama mmoja taratibu, "ile feza ya muntu inabaki kwako."

"Haiko feza, Mama. Ni picha tu."

"Jana ilikuwa feza."

"Jana sikujua."

"Na leo umejua, juu ya mudogo wako amesema. Mudogo wako wa Kampala, ambaye sisi hatumuoni."

Iliniuma, lakini niseme ukweli: swali lilikuwa zuri. Kama mwingine angekuwa na telefone, mimi ningeliuliza hilohilo. Nikaweka telefone juu ya ungo katikati yetu, nikasema mtu yeyote aichukue akae nayo, mimi sitaki kuishika tena. Hakuna aliyeichukua.

Prezida hakukasirika. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa na huzuni.

"Nasikia mambo ya wezi," alisema. "Lakini kama haiko mwizi? Kama iko muntu wa kweli amekosa? Nitamwambia nini Mungu, kwamba niliogopa?"

Mdogo wangu alinipa jibu la feza, lakini swali la prezida halikuwa la feza.

Mke wa mwindaji ndiye aliyelijibu, huku akimnyonyesha mtoto, kana kwamba anaongea na huyo mtoto.

"Nyinyi watu wa kusali munasahau mambo ya nyumbani. Bwana yangu akipita mu pori akute nyama mu mutego ya muntu ingine, anafanya nini?"

"Hagusi," walijibu wawili au watatu.

"Hagusi! Hata kama iko inaoza. Hata kama anapenda kumusaidia mwenye mutego aipeleke kwake, hagusi, juu akishika tu, kesho watasema ameiba. Anafanya nini?"

"Anakata majani anaweka pa njia."

"Anaweka majani pa njia, anaenda mu kijiji anasema: kuna kitu mu mutego, mwenyewe aende. Basi. Mikono yake iko safi. Sasa na sisi tuseme. Hatugusi, tunasema. Mwenyewe aje na mudomo yake."

"Aje wapi?" nilimuuliza.

"Kwani wewe mutu ya milima hauna kanisa?"

Wamama walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha zamani, kile cha kiazi, na mimi niliona raha kukisikia. Prezida alikubali. Kisha mabishano mapya: tangazo litasema nini? Ukisema kanisani kwamba wamama wa mawese wana dola nyingi kwenye telefone, kabla ya chakula cha jioni utapata wageni wenye bunduki. Tulipima kila neno kama tunavyopima chumvi.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, katekista alisoma tulichompa. Nilikuwa nimekiandika mimi, na niliogopa zaidi makosa ya maandishi kuliko kitu kingine. "Kuna kitu kimetupwa katika kiwanja cha wamama wanaokamua mawese. Hawajakigusa. Mwenyewe aje kwa prezida aseme ni nini, kina rangi gani, na kilifikaje pale."

Watu waligeuka kututazama. Tuliketi tumenyooka.

Nje, papa mmoja mzee alimfuata prezida akiwa amevua kofia.

"Mama, ile kitu. Iko mweusi?"

"Sema wewe, Papa."

"Iko mweusi, na mukia yake imekatwa kidogo."

"Hapana, Papa. Hii yetu haina mukia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Inalia?"

"Hailii."

"Basi haiko mbuzi yangu," alisema kwa masikitiko, akavaa kofia. Prezida alijibana mpaka mzee alipokata kona, ndipo akatushika wawili wetu mabega na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na sisi tukimshikilia asianguke.

Hakuna mwingine aliyekuja. Tulingoja mpaka tangazo likarudiwa ibada iliyofuata. Prezida alipokea mwili wa Bwana. Akaniambia, "Sasa ficha." Nikaificha mbele ya wote, kila mmoja akaona mstari ule ukiondoka kwenye kioo, na feza zetu zikabaki peke yao, kidogo, lakini za kwetu.

Ni nani aliyeitupa, sijui mpaka leo. Wenzangu wanamwita shetani. Mimi siwezi kusema hivyo, simjui. Pengine ni kijana mwenye njaa mahali fulani. Lakini kama alikuwa na haki, angekuja na mdomo wake, kama yule papa wa mbuzi, na tungemsikiliza.

Tulienda Walikale tukiwa wanne, prezida akiwa nyuma ya pikipiki, miguu yake imetandazwa kama mabawa na yeye akimtukana dereva kwa kila shimo. Kuna mtu pale sokoni anayebadilisha dola za mtandao kwa noti. Nilikagua anwani yake herufi kwa herufi, kwa kidole, mpaka akachoka.

"Mama, wengine wanaangalia mwanzo na mwisho tu."

"Miye niko polepole mu kusoma," nilimwambia.

Alitazama pochi yetu, akakuta pale pa vitu vilivyofichwa ile tokeni, na zingine mbili zilizotupwa baadaye. Kisha akasema yake aliipata mwaka huohuo, akataka kuiuza, na asubuhi akakuta dola zake zote zimeondoka. Alisema bila kujificha, nami namheshimu kwa hilo, kwa sababu ni mtu wa biashara na hakulazimika kutuambia.

"Nyinyi nani aliwafundisha?" aliuliza.

Nilitaka kusema mdogo wangu. Prezida akanitangulia.

"Tulikataa kurudisha," alisema, na kichwa chake kilikuwa juu kabisa. "Sisi, wamama wa kurudisha."

Yule mtu hakuelewa, lakini alihesabu noti vizuri, na fundi naye alizihesabu vizuri, na mashine ikaja Ntoto juu ya gari la mizigo, imefunikwa kwa majani ya migomba ili isiwavutie watu wa vizuizi.

Tangu hapo nimeitwa mara kadhaa na vikundi vingine, hata Itebero, nikaeleze mambo ya kutupwa na kutogusa. Naenda na woga uleule. Ninawaambia mwanzoni kabisa kwamba mimi si mtu wa kompyuta, na kwamba mengine sijui. Wananisikiliza. Mume wangu anasema nikirudi kutoka huko natembea kama chefu, na sijamkatalia.

Siku ya kwanza ya mashine tulichemsha pipa zima. Tulimwaga matunda, tukafunga kifuniko, na wote tukarudi nyuma ili prezida aanze. Alisimama. Hakukaa, alisimama, akashika mkono wa chuma kwa mikono miwili, akasukuma mzunguko wa kwanza akiwa ameng'ata meno, kama mtu anayengojea maumivu. Mkono ukaenda. Akasukuma tena. Mafuta mekundu yakaanza kutoka chini, membamba kwanza, halafu manene.

Aliacha kusukuma akatutazama kama mtu aliyedanganywa.

"Iko nyepesi," alisema. "Nyepesi hivi?"

"Njo hivyo, Mama."

"Na mulikuwa karibu kuipoteza juu yangu, mimi na kurudisha kwangu."

"Hatukuipoteza, Mama," mke wa mwindaji akamwambia. "Zungusha, mafuta yanapoa."

Naye akazungusha.